Kwa nini hamira hugeuka nyuzi inapokosa nitrojeni, ilhali sukari bado ipo?

Chipukizi wa Maabara:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Ninasoma shahada ya uzamili ya mikrobiolojia, na sehemu ya kazi yangu ni kuotesha hamira, Saccharomyces cerevisiae, nasaba ya Σ1278b yenye seti mbili za kromosomu, kwenye agari za aina tatu. Agari ya kwanza ina dondoo la hamira, peptoni (protini zilizomeng'enywa) na glukosi ya asilimia 2, kwa hiyo seli hazikosi chochote. Ya pili ina glukosi ya asilimia 2 vilevile, lakini chanzo pekee cha nitrojeni ni salfeti ya amonia, mikromoli 50 tu kwa lita. Katika ya tatu nilipunguza sana vyote viwili, sukari na nitrojeni.

Kwenye sahani ya kwanza koloni ni za mviringo, laini, na kingo zake hazina mikwaruzo. Kwenye ya pili, kingo zimetoa nyuzi zinazotawanyika pande zote na nyingine zimezama ndani ya agari. Chini ya hadubini seli zake ni ndefu na nyembamba, zimeungana kwa mnyororo badala ya kuachana. Kwenye ya tatu seli zimeota kidogo mno, na nyuzi hazionekani kabisa.

Maelezo niliyopewa darasani ni kwamba hamira ikiona njaa hurefuka ili itafute chakula. Maelezo hayo hayanitoshelezi, kwa sababu sahani ya tatu ndiyo yenye njaa kubwa kuliko zote na ndiyo isiyo na nyuzi. Naomba kueleweshwa ni kitu gani hasa ambacho seli inakipima, na kinahusianaje na umbo lake. Jambo la pili ni kwamba nilijaribu pia hamira ya paketi inayouzwa madukani kwa ajili ya mikate, kwenye agari ileile ya pili, na haikutoa nyuzi hata moja. Je, hiyo si spishi ileile?

---

Mzee wa Hadubini:

Ndugu Chipukizi, shaka yako ina msingi. Umbo uliloliona kwenye sahani ya pili huitwa hifa bandia, kwa sababu linafanana na hifa, yaani nyuzi, za kuvu wengine lakini kila seli inabaki na ukuta wake kamili na inazaliwa kwa kuchipua, si kwa uzi mmoja kurefuka mfululizo. Lilielezwa kwa kina mwaka 1992 na Carlos Gimeno, Per Ljungdahl, Cora Styles na Gerald Fink wa Taasisi ya Whitehead, Cambridge, Massachusetts, na kipimo cha mikromoli 50 unachokitumia kinatokana na kazi hiyo. Linganisha na agari ya kawaida ya maabara, ambayo huwekwa gramu 5 za salfeti ya amonia kwa lita: hiyo ni zaidi ya mara 700 ya kiasi ulichowapa seli zako.

Kosa la maelezo uliyopewa darasani ni kuichukulia njaa kama hali moja. Seli ya hamira haina kipimo cha njaa kwa jumla. Ina vipokezi mbalimbali, kila kimoja kinaangalia kirutubishi chake, na umbo linaamuliwa na jinsi taarifa hizo zinavyokutana. Hifa bandia hutokea pale ambapo taarifa ya kaboni inasema sukari inayochachuka ipo kwa wingi, na taarifa ya nitrojeni inasema kuna upungufu ambao haujafikia ukosefu kamili. Ukiondoa nitrojeni yote na kuipa seli yenye seti mbili za kromosomu asetati, kaboni isiyochachuka, badala ya glukosi, itaacha kuchipua, itapitia mgawanyiko wa meiosisi na kutengeneza spora nne. Ukiondoa sukari na nitrojeni kwa pamoja, kama ulivyokaribia kufanya katika sahani ya tatu, seli nyingi hutulia tu na kungoja. Haya yote watu huyaita njaa, lakini matokeo yake ni matatu yasiyofanana.

Upande wa nitrojeni, mpimaji maarufu ni protini ya Mep2, mojawapo ya protini tatu zinazopitisha amonia kwenye utando wa seli, na ndiyo yenye mvuto mkubwa zaidi kwa amonia iliyo haba. Mwaka 1998 Michael Lorenz na Joseph Heitman walionyesha jambo ambalo hadi leo napenda kuwasimulia wanafunzi: seli iliyonyimwa Mep2 inaota vizuri kwenye amonia kidogo, kwa kuwa Mep1 na Mep3 zinaendelea kuiingiza, lakini haitoi hifa bandia. Kwa hiyo kinachokosekana si chakula chenyewe bali habari ya chakula, na Mep2 inafanya kazi mbili, ya kupitisha na ya kutoa taarifa.

Upande wa sukari kuna kipokezi cha Gpr1, ambacho hushirikiana na protini ya Gpa2 kuamsha kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya mzunguko, molekuli ndogo inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Molekuli hiyo huifungulia kazi kinasi A (kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye molekuli nyingine), na hapa kuna tofauti isiyotarajiwa: kinasi hiyo ina vipande vitatu vya utendaji vinavyofanana sana, Tpk1, Tpk2 na Tpk3, lakini ni Tpk2 inayochochea nyuzi, na wenzake wawili huzizuia. Tpk2 huiamsha Flo8, protini inayowasha jeni, na kuiondoa Sfl1, inayozima jeni, na matokeo yake ni kusomwa kwa jeni ya FLO11, inayotoa protini ya gundi kwenye ukuta wa seli. Jeni hiyohiyo inapokea pia amri kutoka kwa msururu mwingine wa kinasi, Ste11, Ste7 na Kss1, unaoishia kwa Ste12 na Tec1, protini zinazowasha jeni. Sehemu kubwa ya msururu huu ndiyo inayotumika pia seli zenye seti moja ya kromosomu zinapotafuta mwenzi wa kuungana naye; hamira ni bahili wa protini, haitengenezi mpya ikiwa ya zamani inaweza kuazimwa.

Kuhusu umbo lenyewe, mambo matatu hubadilika. Kwanza, chipukizi hukaa muda mrefu zaidi katika hatua ya G2 kabla ya kiini kugawanyika, na kwa kuwa muda wote huo ukuaji unaelekezwa kwenye ncha, chipukizi hurefuka badala ya kunenepa. Kutokana na hilo binti, yaani seli mpya, huzaliwa akiwa na ukubwa sawa na mama yake, hahitaji kusubiri akue, na wote wawili huchipua karibu kwa wakati mmoja. Pili, mahali pa kuchipulia hubadilika: seli ya kawaida yenye seti mbili huchipua kwenye ncha yoyote kati ya mbili, lakini katika hifa bandia binti huchipua kwenye ncha iliyo mbali na mama, kwa hiyo mnyororo unasonga mbele. Tatu, gundi ya Flo11 huzuia seli kuachana. Ukikosa moja kati ya hayo matatu, unapata kitu kingine: seli ndefu zilizotawanyika, au bonge la seli duara lisilokwenda popote.

---

Bi Kemia:

Namuunga mkono Mzee, nami niongeze upande wa umetaboli, kwa sababu mazungumzo ya vipokezi peke yake yanaweza kumfanya msomaji adhani sukari ni ishara tu. Sukari inabidi pia itumike. Kazi ya hivi karibuni kutoka Hyderabad, India, imeonyesha kwamba ukizuia glikolisisi, yaani njia ya seli ya kuvunja glukosi, kwa 2-deoksiglukosi, sukari inayofanana na glukosi lakini isiyovunjika, katika kiwango kidogo kisichodumaza ukuaji, hifa bandia hupotea ingawa nitrojeni ni haba kama inavyotakiwa. Watafiti hao walikuta kwamba glikolisisi inapodhoofishwa, jeni za kutengeneza asidi amino zenye salfa hupungua kusomwa, na kwamba wakiongeza sisteini au methionini kutoka nje, nyuzi hurudi. Walipata mwelekeo uo huo katika Candida albicans, kuvu anayeweza kuwaletea binadamu maradhi. Kwa maoni yangu hili linaeleza sahani ya tatu vizuri zaidi kuliko Gpr1 peke yake: hata kama kipokezi kingedanganywa kwamba sukari ipo, seli isingekuwa na mtiririko wa kemikali unaohitajika kujenga umbo jipya.

Kuna pia mazao ya umetaboli yanayotoka nje ya seli na kurudi kama ujumbe. Nitrojeni inapopungua, hamira huanza kuvunja asidi amino ili ipate kundi la nitrojeni lililomo, na mifupa ya kaboni inayobaki hugeuzwa kuwa alkoholi na kutupwa nje. Njia hiyo ilielezwa na Felix Ehrlich mwanzoni mwa karne ya 20. Lusini hutoa alkoholi ya isoamili, fenilalanini hutoa feniletanoli, na triptofani hutoa triptofoli. Mwaka 2006 Hao Chen na Gerald Fink walionyesha kwamba feniletanoli na triptofoli huchochea hifa bandia kwa kupitia Tpk2 na FLO11, kwamba hutengenezwa zaidi seli zikiwa zimesongamana, na kwamba amonia nyingi hupunguza utengenezaji wake. Yaani taka ya kutafuta nitrojeni ndiyo inayozitangazia seli jirani kwamba nitrojeni imekuwa adimu na kwamba mahali pamejaa. Wanaotengeneza pombe wataitambua alkoholi ya isoamili na feniletanoli: ndizo zinazochangia harufu ya vinywaji vilivyochachushwa, ya pili ikinukia kama waridi.

---

Fundi wa Nasaba:

Kuhusu hamira ya paketi: ndiyo, ni spishi ileile, lakini spishi si nasaba, na katika suala hili nasaba ni karibu kila kitu.

Chukua S288C, nasaba iliyotumika kusoma jenomu ya kwanza ya hamira, iliyokamilishwa mwaka 1996. Haitoi hifa bandia, hata ukiinyima nitrojeni kwa ustadi wa namna gani. Mwaka huohuo Haoping Liu, Cora Styles na Gerald Fink walionyesha sababu: jeni yake ya FLO8 ina mabadiliko yanayokatisha protini kabla haijakamilika, na bila Flo8 ile amri ya AMP ya mzunguko haifiki FLO11. Inaelekea kwamba wataalamu wa zamani, wakichagua koloni laini na seli zisizogandamana kwa sababu ni rahisi kuzihesabu na kuzichanganya, walikuwa bila kujua wakichagua hamira iliyopoteza uwezo huu. Matokeo yake ni kwamba kwa miongo mingi maabara nyingi duniani zilichunguza kiumbe ambacho nusu ya tabia yake ilikuwa imefungwa, na wengi waliamini kwamba hamira ni duara tu kwa asili yake.

Hamira za viwandani nazo zimechaguliwa kwa vigezo vya kiwanda: kuumua unga haraka, kustahimili kukaushwa, kutawanyika vizuri majini. Nyingi zina zaidi ya seti mbili za kromosomu, mara nyingi nne. Sijui paketi yako ina nini, na sitabahatisha ni jeni gani iliyoathirika. Lakini kwamba haikutoa nyuzi hakupingani na lolote alilosema Mzee. Ukitaka kulinganisha kwa haki, tumia S288C na Σ1278b, kisha irudishie S288C jeni nzima ya FLO8. Hapo utakuwa na tofauti moja unayoifahamu, badala ya tofauti elfu usizozijua.

---

Chipukizi wa Maabara:

Nawashukuru sana. Mzee, naomba unifafanulie jambo moja zaidi. Nasaba hiyohiyo ya Σ1278b, lakini yenye seti moja ya kromosomu, niliisahau kwenye agari ya kwanza, ile iliyoshiba. Nilipoosha sahani kwa maji ya bomba, koloni za juu zilitoka, lakini zilibaki alama za seli zilizokwisha kuingia ndani ya agari. Nitrojeni ilikuwa tele. Sasa kanuni ya sukari nyingi na nitrojeni kidogo imekwenda wapi?

---

Mzee wa Hadubini:

Haijaenda popote, umehamia kwenye tabia nyingine inayotumia vifaa vilevile. Hiyo huitwa ukuaji wa kupenya, ilielezwa mwaka 1994 na Radclyffe Roberts pamoja na Fink, na huonekana kwa seli zenye seti moja. Mwaka 2000 Paul Cullen na George Sprague walionyesha kwamba kichocheo chake ni kwisha kwa glukosi. Sahani uliyoisahau haikuwa tena sahani iliyoshiba: koloni nene hula sukari iliyo chini yake, na seli zinazogusa agari hujikuta mahali ambapo glukosi imekwisha ingawa peptoni bado ipo.

Hapo anayetoa amri ni kinasi ya Snf1, ndugu wa kinasi ambayo katika seli zetu sisi binadamu huamka nishati inapopungua. Glukosi ikiwepo, Snf1 hulala, na protini za Nrg1 na Nrg2 huifunga FLO11. Glukosi ikiisha, Snf1 huamka na kifungo hicho kulegea. Kwa hiyo jeni moja ya gundi inafunguliwa kwa uwepo wa sukari kupitia njia moja na kwa ukosefu wa sukari kupitia njia nyingine. Wanafunzi huona huu ni mkanganyiko. Mimi naona ni jambo la kutarajiwa kwa jeni ambayo eneo lake la kudhibitiwa lina urefu wa jozi za besi zipatazo 3,000, kubwa mno kwa kiwango cha hamira. Pana nafasi ya kupokea amri nyingi zisizokubaliana.

---

Mtaalamu wa Maabara ya Hospitali:

Naomba nichangie kutoka upande wa wagonjwa, kwa kuwa sisi tunaliona jambo hili karibu kila wiki, ingawa kwa kiumbe mwingine. Kipimo cha mrija wa kuota, kinachotumika katika maabara nyingi za hospitali kutambua Candida albicans, ni jaribio la umbo na virutubishi: unaweka seli chache kwenye seramu, unaziacha kwenye nyuzi joto 37 kwa saa mbili hadi tatu, na ukiona mirija myembamba isiyo na kibano pale inapoanzia, unaandika jibu. Hizo ni hifa za kweli, si bandia.

Ninachotaka kuonya ni kuhamisha kanuni ya hamira moja kwa moja kwenda kwa Candida. Protini nyingi ni za ukoo mmoja, lakini mazingira ni tofauti, na maana ya kirutubishi hubadilika. Candida huanzisha hifa kwa wepesi kwenye glukosi ya takriban asilimia 0.1, kiwango kinachokaribia cha damu, kuliko kwenye asilimia 2 tunayoizoea maabara. Prolini na arginini, ambazo kwake ni chakula, humpeleka kwenye hifa. Arginini huvunjwa hadi urea, na urea hutoa amonia pamoja na kaboni dioksidi. Kaboni dioksidi hiyo ina uzito wake, kwa sababu ikigeuka bikaboneti huamsha moja kwa moja kimeng'enya kilekile cha AMP ya mzunguko alichokitaja Mzee. Akimezwa na seli ya kinga ya makrofaji, Candida hutumia njia hiyo kuota hifa akiwa ndani na kuitoboa ili atoke.

Amonia nayo ina kazi yake. Candida anapoishi kwa asidi amino bila sukari ya kutosha, hutupa nje amonia ya ziada, na mazingira yaliyokuwa na asidi husogea kuelekea pH ya 7, ambako hifa hupendelea kuota. Chini ya pH 6 seli nyingi hubaki duara. Basi kwa hamira ya Chipukizi amonia kidogo ndiyo inayoleta nyuzi, na kwa Candida amonia aliyoitoa mwenyewe ndiyo inayozisaidia. Vilevile ujumbe wa msongamano umegeuzwa: farnesoli, iliyotambuliwa kwa Candida mwaka 2001, huzuia hifa seli zinapokuwa nyingi, wakati feniletanoli ya hamira huzichochea.

---

Msomaji wa Kando:

Nimefuatilia kwa makini, nami nina pingamizi dogo. Kila mchangiaji ameacha bila kuligusa lile dai la darasani kwamba hamira hurefuka "ili itafute chakula". Tulichoonyeshwa ni sababu za kikemikali. Kusudi ni suala jingine. Hamira haina njia ya kutembea, na mnyororo unaosonga mbele unaweza kweli kufika kwenye agari isiyoliwa. Lakini kufika si ushahidi kwamba uwezo huo ulichaguliwa kwa ajili hiyo. Gundi ya Flo11 inashikilia seli kwenye sehemu ngumu, na huenda kwenye ganda la tunda hilo ndilo lenye manufaa zaidi kuliko kusafiri.

---

Bi Kemia:

Pingamizi nalikubali. Dhana ya kutafuta chakula ilipendekezwa na watafiti wa mwaka 1992 wenyewe, nayo inaingia akilini, lakini inabaki kuwa tafsiri ya kile kinachoonekana kwenye sahani. Katika tasnifu, Chipukizi, iandike kwenye sura ya majadiliano, usiiweke kwenye matokeo.

---

Fundi wa Nasaba:

Kabla hujarudia jaribio, mambo matatu ya vitendo yanayowaponyoka wengi. Agari ya kawaida ina mabaki ya nitrojeni, na unapofanya kazi kwenye mikromoli 50 mabaki hayo si madogo. Ioshe agari mara kadhaa kwa maji yaliyoondolewa ayoni, kisha uitumie. Seli zilizotoka kwenye agari iliyoshiba huja na akiba ya arginini ndani ya vakuoli zao, yaani vifuko vya kuhifadhia, kwa hiyo zichukue chache sana na uzitenganishe vizuri, la sivyo zitagawanyika mara kadhaa kwa kula akiba na utadhani agari yako imeshindwa. Tena hakikisha nasaba zako hazihitaji kuongezewa lusini, histidini au urasili ili ziishi, kwa sababu kila moja ya hizo ni nitrojeni unayoiingiza mwenyewe. Ikiwa zinahitaji, rudisha jeni inayokosekana kwanza, ndipo upime.